Goma: Tagi isiyotumwa hupotea pamoja na kompyuta yake

GOMA, Kivu Kaskazini – Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia ndani ya mji wa Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) ilitoa tahadhari kuhusu jengo moja ambalo wakazi wengi hawakuwa wakilifikiria: maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Umeme ulikuwa umekatika, na ndani ya maabara hiyo kulihifadhiwa sampuli za virusi hatari, vikiwemo vya Ebola. ICRC ilitaka zilindwe ili virusi visije vikasambaa.

Hofu ya siku zile ilikuwa juu ya sampuli. Lakini maabara, hospitali, chuo au ofisi ya leo ina mali nyingine isiyoshikika kwa mkono: data na programu zilizomo ndani ya kompyuta. Mali hiyo nayo inaweza kupotea kwa usiku mmoja. Wakati mwingine hubaki salama yote, lakini hukosa maana kwa sababu hakuna anayejua tena ni toleo lipi lilitumika kufanya uamuzi upi.

Mtu yeyote wa maabara anajua kwamba chupa isiyo na lebo haina faida, hata kama kilichomo ndicho kinachotafutwa. Kwa watengeneza programu na wachambuzi wa data, lebo hiyo inaitwa tagi. Na katika mji ambao umeme, intaneti na hata usalama wa nyumba si vitu vya kutegemea, kazi ngumu si kubandika tagi. Kazi ni kuhakikisha kwamba tagi hiyo imewafikia wengine.

Somo la Ebola

Kivu Kaskazini ina sababu ya kulielewa jambo hili kuliko maeneo mengi. Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Mgonjwa wa kwanza mjini Goma alithibitishwa tarehe 14 Julai 2019, baada ya kusafiri kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye, WHO ikautangaza mlipuko huo kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa.

Katika kipindi hicho INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na washirika wake wa nje, walijenga mfumo wa kusoma jeni za virusi kutoka kwa wagonjwa na kurudisha majibu haraka kwa timu zilizokuwa zikipambana na ugonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Medicine. Walisoma jenomu mpya 744, za sampuli zilizochukuliwa kati ya tarehe 27 Julai 2018 na 27 Aprili 2020. Zikijumlishwa na 48 zilizokuwepo tayari, zilifika 792, sawa na karibu asilimia 24 ya maambukizi yaliyothibitishwa na maabara.

Data hiyo haikufungiwa kabatini. Iliwekwa katika hifadhi ya wazi kwenye GitHub, yenye jina la ebola-nord-kivu, na mfumo wa Nextstrain ukaitumia kuchora ukoo wa virusi: nani anaweza kuwa amemwambukiza nani, na ugonjwa umetoka eneo gani kwenda lipi.

Jenomu 792 hazikupatikana kwa siku moja. Ziliongezeka kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili. Kila zilipoongezwa, mchoro ulibadilika. Mtu akiuliza leo, "Wakati timu inaamua kupeleka chanjo kwenye kijiji fulani, mchoro ulikuwa unaonyesha nini?", jibu haliwezi kutoka kwenye data ya sasa. Lazima litoke kwenye data kama ilivyokuwa siku ile.

Kurudi nyuma namna hiyo si anasa ya watafiti. Moja ya kesi zilizochunguzwa ilimhusu mwanamume aliyeugua Ebola mwaka 2019, akapona, kisha akaugua tena baada ya takriban miezi sita. Virusi vya mara ya pili vilipolinganishwa na vya mara ya kwanza, ilionekana kwamba hakuambukizwa upya. Ugonjwa wa awali ndio uliorudi. Kutoka kwake ulianza mnyororo wa watu 91 walioambukizwa. Ulinganisho huo usingewezekana kama rekodi ya awali ingekuwa imefutwa na mpya kuandikwa juu yake.

Tagi ni kitu gani

Zana inayotumika zaidi kutunza historia ya aina hii inaitwa Git. Ilianzishwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, aliyehitaji njia ya kusimamia msimbo wa Linux uliokuwa ukiandikwa na watu wengi duniani. Git ni mfumo wa kudhibiti matoleo uliosambazwa, maana yake hakuna daftari moja kuu ambalo wote wanalitegemea. Kila anayenakili hifadhi anapata historia nzima, tangu faili ya kwanza hadi mabadiliko ya jana jioni.

Kila hatua inayohifadhiwa huitwa komiti. Git huipa utambulisho wake yenyewe, kwa kawaida mfululizo wa herufi na tarakimu 40. Utambulisho huo ni wa uhakika, lakini hakuna binadamu anayeweza kuukumbuka wala kumsomea mwenzake kwenye simu.

Hapo ndipo tagi inapoingia. Tagi ni jina ambalo mtu analibandika kwenye komiti moja: v1.0, v1.2, au ripoti-juni. Tawi la kazi husogea mbele kila siku watu wanapoendelea kuandika. Tagi haisogei. Inabaki palepale ilipobandikwa, miaka ikipita.

Kuna tagi za aina mbili. Ya kwanza ni tagi nyepesi, ambayo ni jina tu, kama karatasi iliyobandikwa bila maelezo. Ya pili ni tagi yenye maelezo, inayotengenezwa kwa amri ya "git tag -a". Hii hubeba jina la aliyeiweka, tarehe, na ujumbe wa sababu ya kuiweka. Kwa kazi ambayo itatazamwa na watu wengine, aina ya pili ndiyo inayofaa. Mtu akiifungua baada ya miaka mitatu anakuta imeandikwa nani alisema kwamba hili ndilo toleo, lini, na kwa nini.

Jina lisilosafiri lenyewe

Wengi wanaojifunza Git hujikwaa mahali pamoja. Mtu akishamaliza kazi huituma kwenye seva kwa amri ya "git push". Komiti zote zinaondoka. Tagi inabaki.

Hilo si hitilafu. Git imeundwa hivyo makusudi. Mtu anaweza kuweka tagi nyingi kwenye kompyuta yake kwa matumizi yake binafsi, mfano "kabla-ya-kuharibu" au "jaribio-la-usiku", na hakuna sababu ya kuwajazia wenzake majina hayo. Kwa hiyo Git husubiri mwenyewe aseme ni tagi ipi anataka kuitoa nje.

Mfano wa kufikirika unaonyesha madhara yake. Watengeneza programu wawili, mmoja mtaa wa Himbi na mwingine Ndosho, wanaandika programu ya kusajili chanjo za watoto kwa ajili ya vituo vya afya. Wa Himbi anamaliza marekebisho, anabandika tagi v1.2, anatuma kazi kwa "git push", kisha anavipigia simu vituo na kuviambia vitumie v1.2. Wa Ndosho anafungua hifadhi, anaona komiti mpya zote, lakini v1.2 haioni. Anakisia kwamba ni komiti ya mwisho kabisa. Kumbe ya mwisho ni marekebisho ambayo mwenzake aliyaongeza baadaye bila kuyajaribu.

Kituo kimoja sasa kina toleo lililopimwa, kingine kina toleo ambalo halijapimwa, na vyote viwili vinaamini vinatumia v1.2. Mtoto akirekodiwa mara mbili, au dozi ikikosa kuhesabiwa, itachukua siku nyingi kugundua kosa liko wapi.

Wiki moja baadaye, kompyuta ya Himbi inaibiwa, au umeme unaiunguza. Komiti zote ziko salama kwenye seva. Lakini jina, tarehe na maelezo ya v1.2 vilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na vimeondoka nayo. Msimbo upo, ila ushahidi wa toleo lipi lilikubaliwa haupo tena.

Dawa ni amri moja ya ziada: "git push origin v1.2". Hiyo hutuma tagi moja iliyotajwa. Ipo pia "git push --tags", inayotuma tagi zote zilizopo, yaani hata zile za majaribio ya usiku. Njia ya kati ni "git push --follow-tags", ambayo hutuma kazi pamoja na tagi zenye maelezo zinazohusiana na kazi hiyo, na kuziacha tagi nyepesi nyumbani. Mtu anaweza kuipanga Git yake ifanye hivyo kila mara, ili asitegemee kumbukumbu yake saa ambayo betri imebaki na asilimia tano.

Upande wa anayepokea, mambo ni mepesi zaidi. Anapovuta kazi mpya kwa "git fetch", tagi zinazohusu komiti anazozivuta huja zenyewe, mradi mwenzake alizituma.

Mifumo mingine ilichagua njia tofauti. Mercurial, iliyozaliwa mwezi uleule wa Aprili 2005, huandika tagi ndani ya faili moja iitwayo .hgtags. Faili hiyo ni sehemu ya kazi kama faili nyingine, hivyo tagi husafiri pamoja na komiti bila kuambiwa. Anayetoka Mercurial kuingia Git ndiye aliye hatarini zaidi kusahau.

Chupa mbili, lebo moja

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo hufanywa na watu wenye nia njema. Timu inatuma v1.2, halafu baada ya saa mbili inagundua kosa dogo. Badala ya kutoa toleo jipya, inairekebisha kazi, inaiondoa tagi ya v1.2 pale ilipokuwa na kuibandika kwenye komiti mpya.

Waliokuwa hawajaipata v1.2 watapata ile mpya. Waliokwisha kuipata watabaki na ya zamani, kwa sababu Git haibadilishi tagi ya mtu kimyakimya. Matoleo ya Git ya miaka ya karibuni hukataa kabisa kuifuta tagi iliyopo kwenye kompyuta ya mpokeaji mpaka mwenyewe alazimishe. Matokeo yake ni jina moja kwa vitu viwili tofauti, na kila upande una hakika kwamba ndio ulio sahihi.

Katika maabara, hiyo ni sawa na kubandika lebo moja kwenye chupa za wagonjwa wawili.

Mwongozo rasmi wa Git unalizungumzia jambo hili bila kuzunguka. Kama tagi haijatoka kwenye kompyuta ya mwenyewe, anaweza kuirekebisha apendavyo. Kama imeshatoka, njia ya busara ni kukiri kosa na kutoa jina jipya. V1.2 ibaki na kasoro yake, na v1.2.1 itoke ikiwa imerekebishwa. Namba hazina gharama, lakini imani ya wanaozitumia ikipotea ni vigumu kuirudisha.

Mega zikiisha, flashi ipo

Ushauri wote huu unachukulia kwamba intaneti ipo. Goma inajua siku ambazo haipo. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikafika pembezoni mwa mji. Siku tano baadaye mamlaka iliamuru mitaa kumi ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakaelekea Sake, Rutshuru na Rwanda wakiwa na kile walichoweza kubeba. Mwaka 2025, baada ya mji kuingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege na benki vilifungwa. Hata katika siku za utulivu, vijana wengi hupata intaneti kupitia simu, na mega hununuliwa kwa hesabu.

Git ina njia ya kufanya kazi bila mtandao, ingawa haizungumzwi sana. Amri ya "git bundle create kazi.bundle --all" hukusanya hifadhi nzima, yaani historia, matawi na tagi zote, kuwa faili moja. Faili hiyo huwekwa kwenye flashi au kadi ya simu na kusafiri kwa pikipiki kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Anayeipokea anaweza kuikagua kwanza kwa "git bundle verify", kisha akaifungua kwa "git clone" kana kwamba inatoka kwenye seva.

Kwa njia hiyo hakuna tofauti kati ya komiti na tagi. Kilichowekwa ndani ya faili kinafika kama kilivyo. Timu ambayo haina mega za kutosha inaweza kuwa na nakala tatu za kazi yake katika nyumba tatu, na kila nakala ina majina yote.

Flashi ina udhaifu wake: hupita mikono mingi. Aliyeipokea atajuaje kwamba v1.2 iliyomo ndiyo ile iliyotolewa na mwenzake, na si nyingine iliyobandikwa njiani? Kwa hilo Git inaruhusu tagi kutiwa saini ya kidijitali kwa amri ya "git tag -s". Mpokeaji mwenye ufunguo wa wazi wa mtoaji huikagua kwa "git tag -v". Mtu akibadilisha tagi hiyo, au akiielekeza kwenye komiti nyingine, saini haitakubali. Kwa data za wagonjwa au programu inayotumika hospitalini, ulinzi huo una uzito.

Data ya zamani ilipohitajika tena

Faida ya kutunza majina na tarehe huonekana siku ambayo hakuna aliyeitarajia. Tarehe 7 Februari 2021, miezi michache baada ya mlipuko mkubwa kutangazwa kuisha, Ebola ilitangazwa tena Kivu Kaskazini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke wa eneo la afya la Biena, karibu na Butembo, na mume wake alikuwa amewahi kuugua na kupona. Watu 12 waliugua na sita kati yao walifariki.

Swali la kwanza lilikuwa: virusi hivi vimetoka porini upya, au ni vilevile vya zamani? Jeni zao zililinganishwa na zile zilizokusanywa mwaka 2018 hadi 2020, na ikaonekana zina uhusiano na mlipuko uliopita. Jibu hilo linabadilisha kazi nzima ya timu za afya. Kama virusi vimetoka porini, watu huonywa kuhusu wanyama. Kama vimekaa ndani ya mwili wa aliyepona, kinachohitajika ni ufuatiliaji wa karibu wa manusura na familia zao, bila kuwanyanyapaa.

Git peke yake haitambui virusi. Wanaofanya hivyo ni wataalamu wa maabara. Lakini ulinganisho wa namna ile unategemea kitu kimoja rahisi: kwamba data ya zamani bado ipo, iko zaidi ya mahali pamoja, na inajulikana ni ipi.

Kabla ya kufunga kompyuta

Kwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta mjini Goma, na kwa wote wanaotengeneza programu za maduka, shule, vyama vya akiba au vituo vya afya, mazoea yanayohitajika ni machache. Toleo linalotoka kwenda kwa watu lipewe tagi yenye maelezo, isiwe nyepesi. Tagi itumwe siku hiyohiyo, ikiwezekana kwa amri ileile inayotuma kazi. Iliyokwisha kutumwa isihamishwe. Na pale ambapo intaneti haiaminiki, nakala kamili iwekwe kwenye flashi na kukaa nyumba nyingine.

Kuna pia njia ya kujihakikishia. Amri ya "git ls-remote --tags origin" huorodhesha tagi zilizopo kwenye seva, si zile zilizopo kwenye kompyuta ya anayeuliza. Hutumia mega chache sana. Kama v1.2 imo kwenye orodha hiyo, kompyuta inaweza kuibiwa, kuungua au kuachwa nyuma wakati wa kukimbia, na jina litabaki. Kama haimo, kazi ya siku hiyo bado haijaisha.